Sufuria ya Maharagwe Mazee

Jina la Mama Bado nililitunga mimi. Naanzia hapo, kwa sababu nikianzia kwa maharagwe mtaniona kijana wa maana kwa kurasa mbili nzima, halafu mtajisikia mmeibiwa.

Shule yetu iko pale Eldoret inapoishia na mashamba ya mahindi yanapoanzia. Ni shule ndogo ya kutwa, na jiko lake ni kibanda cha mabati chenye dirisha moja la kupakulia. Ndani yake alikuwa mpishi mmoja tu, mama mtu mzima kutoka Ainabkoi, mfupi, mwenye sweta ya kijani na mwiko mrefu aliokuja nao kutoka kwao. Mwiko wa shule alisema ni wa kuchezea.

Muhula huo chakula kilichelewa karibu kila siku. Kengele inalia saa saba kasorobo, tunatoka mbio na sahani, tunafika dirishani, dirisha limefungwa. Mmoja anaita, "Mama, tayari?" Sauti inajibu kutoka ndani ya moshi, "Bado." Siku ya kwanza, bado. Siku ya pili, bado. Siku ya tatu nilipanda kwenye jiwe lililo kando ya tangi la maji, nikashika kijiko kama mikrofoni, nikabana pua na kutoa ile sauti ya msichana wa kwenye simu: "Mteja mpendwa, umepiga simu jikoni. Unaongea na Mama Bado. Tafadhali endelea kusubiri, njaa yako ni muhimu sana kwetu."

Watu walikufa kwa kicheko. Kuna mtu aliangusha sahani. Kufikia Ijumaa fom wan walikuwa wanamwita hivyo, na wiki iliyofuata nilisikia mwalimu mzima akimuuliza mwenzake, "Mama Bado ameleta chai?" Nilitembea siku hiyo kama mtu aliyezindua kiwanda.

Aliyelisikia pia ni naibu wa mwalimu mkuu, ambaye sisi tunamwita Deputi. Deputi ni mtu wa hesabu, na aliona hesabu hii ni rahisi: shule nzima haiwezi kumbatiza mtu jina la uvivu bila sababu. Siku moja alikuja hadi dirishani huku tumepanga foleni, mimi nikiwa wa nne, sahani kichwani kama kofia.

"Mama, sasa ni saa ngapi?"

"Ni saa saba na nusu, Mwalimu."

"Na watoto wanafaa kula saa ngapi?"

"Hii maharagwe haijaiva, Mwalimu. Imezeeka. Imekaa stoo tangu mwaka juzi. Sufuria ya shule nzima nawashia moto saa kumi na mbili asubuhi, na bado ni mawe."

"Maharagwe ni maharagwe."

"Si hivyo. Na wewe ulinikataza magadi."

Hapo nieleze kidogo. Ukiweka magadi kwenye maharagwe yanayochemka yanalainika upesi, kila jiko la huku linajua. Lakini ukizidisha, tumbo linawaka moto. Muhula uliotangulia wazazi walilalamika kwamba watoto wanarudi nyumbani na kiungulia, na Deputi akatoa amri: mpishi atakayeonekana na magadi jikoni, yeye na magadi yake waende nyumbani pamoja. Mama alitii. Hakuna aliyekumbuka kwamba alitii.

"Usianze na magadi," Deputi alisema. "Shule nzima wanakuita Mama Bado. Watoto hawadanganyi."

Wenzangu waligeuka wakanitazama. Nikavua sahani kichwani nikainama kama mwanamuziki jukwaani. Niliinama kweli. Huwa nakumbuka kuinama kule hata nikiwa napiga mswaki.

Deputi akamwambia kwamba mwisho wa mwezi kutakuwa na mpishi mwingine. Mama hakubishana. Aliuliza tu, "Na ikiwa ni maharagwe?" Mwalimu wetu wa fizikia, tunayemwita Madam, alikuwa anapita na kikombe chake. Akasimama akasema, "Hilo linaweza kupimwa. Niachie fom tuu," yaani darasa letu. Deputi alifikiri kidogo, akasema sawa, ikionekana kosa ni la maharagwe, Mama atabaki. Ikionekana si la maharagwe, barua ya kumfuta kazi itatoka Ijumaa baada ya hapo.

Kwa hivyo hatukuwa tunapima maharagwe. Tulikuwa tunapima kama mama mtu mzima atabaki na kazi. Madam alisema hivyo darasani, wazi kabisa, na mimi nilisikia, kwa hivyo siwezi kujifanya sikujua.

Somo lenyewe lilikuwa hivi. Ukitaka kujua kitu kimoja kinafanya nini, badilisha hicho kimoja tu, na vingine vyote vikae vilevile. Hivyo vinavyokaa vilevile ndivyo vidhibiti. Kitakachobadilika kwetu ni umri wa maharagwe: sufuria moja ya yale ya stoo, nyingine ya maharagwe mapya ya rangi ileile kutoka sokoni. Tutakachopima ni muda wa kuiva. "Haya," Madam alisema, "nipeni vidhibiti. Sufuria ziweje?"

"Zifanane," nikajibu, "zisije zikaoneana wivu."

Darasa likacheka. Madam akaandika ubaoni: sufuria sawa. Wengine wakataja maji, yatoke tangi moja na yapimwe kwa jagi moja. Kuni ziwe za mti mmoja na zipimwe kwa mizani. Vifuniko. Hakuna kuloweka, au yote yalowekwe. Msichana wa mbele akasema, kama chumvi inaweza kubadilisha muda, basi isiwekwe kabisa. Nikaona wanaharibu hewa kwa akili, nikainua mkono.

"Madam, na zote zipikwe hapahapa. Tusije tukapeleka moja Timboroa."

Walicheka vizuri, hadi dawati la nyuma. Madam akasubiri wamalize, kisha akageuka ubaoni akaandika: mahali pamoja. "Sahihi kabisa," akasema. "Timboroa iko juu kuliko hapa. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka kabla hayajapata joto la kutosha. Maharagwe ya sufuria moja yangechelewa kwa sababu ya mlima, na sisi tungelaumu stoo."

Nilikaa chini nikiwa na uchungu. Hakuna kitu kinachoua mzaha kama mwalimu kuuwekea tiki.

Kisha akanifanya mtunza saa. Alisema mtu aliyeshika saa na daftari hana mkono wa kurushia chaki. Kazi yangu ilikuwa kuandika dakika, na kuandika chochote kitakachotokea kwa sufuria yoyote, hata nzi akiingia. "Hata nzi," alirudia, akiniangalia mimi peke yangu.

Jioni hiyo, Ijumaa, kesho yake ikiwa siku ya kupika, nilichukua pakiti ya magadi dukani kwa mamangu. Ana duka dogo karibu na nyumbani, na magadi anayafunga kwa vipande vya gazeti, kama kashata. Sikuichukua kwa sababu ya Mama wa jikoni. Sikumfikiria hata kidogo, na hilo ndilo baya zaidi. Nilimfikiria jirani yangu wa dawati. Yeye amepewa kulinda sufuria ya maharagwe mazee, na ni mtu anayeruka hata mlango ukifungwa. Mimi nilikuwa nimewahi kuona mamangu akitia magadi kwenye githeri ya mahindi na maharagwe inayochemka, povu likapanda likainua kifuniko. Nikaona picha nzima: povu, kelele ya moto, jirani akikimbilia uwanjani. Niliwaambia vijana wawili watatu, "Kesho kaeni macho. Kuna volkano."

Jumamosi tulianza saa mbili kamili, nyuma ya jiko, kwenye meko mawili, na sufuria ndogo. Mama alitusaidia kuwasha. Alipanga kuni kwa mikono yake, upande huu na upande ule, akatazama kama mafiga yako sawa, akasogeza jiwe moja kidogo. Alikuwa amevaa kitambaa safi kichwani, kile cha kanisani. Nilikiona. Niliandika kwenye daftari: saa mbili, moto umewashwa.

Kila baada ya dakika kumi na tano tulikuwa tunatoa maharagwe kumi kwa kila sufuria na kuyabonyeza kwa vidole. Tisa yakipasuka, yameiva. Kazi ya kuchosha kama ibada ndefu. Saa tatu na dakika tano jirani yangu alienda chooni. Madam alikuwa upande wa pili anaongea na Deputi. Mama alikuwa ndani anachota maji. Niliinua kifuniko cha sufuria ya maharagwe mazee nikamwaga pakiti yote.

Povu lilikuja, siwezi kudanganya. Lilipanda likasukuma kifuniko, likateremka kwenye moto, moto ukalia kama paka. Jirani alitoka chooni akaona, akapiga kelele, "Inalipuka, inalipuka," akakimbia huku ameshika suruali. Vijana wangu walilala chini kwa kicheko. Nami, kwa furaha, nikachora kwenye pambizo ya daftari mlima mdogo unaotapika, nikaandika kando yake: 3:05.

Yote hayo yalichukua kama dakika mbili; Madam alipofika povu lilikuwa limezima, akadhani jirani ameruka bure kama kawaida. Mama alitoka na mwiko wake. Aliondoa kifuniko, akakoroga taratibu, akachota harage moja, akalipuliza, akalitia mdomoni. Alitafuna. Kisha akanitazama mimi, si jirani.

"Yamecheka tu, Mama," nilisema.

"Hm," alisema, akafunika.

Saa nne maharagwe mapya yaliiva. Saa nne na robo yale mazee nayo yakaiva. Msichana wa mbele alihesabu mara mbili maharagwe yaliyopasuka, hakuamini. Tisa. Mimi pia nilibonyeza moja, likapasuka laini kama ndizi, na hapo ndipo nilipoelewa magadi yamefanya nini. Nilikuwa nimewaza povu. Sikuwa nimewaza kuiva. Maze, mtu anaweza kujua kitu na asikijue kwa wakati mmoja.

Deputi aliangalia daftari langu, upande wa saa, si pambizo. "Dakika kumi na tano," alisema. "Huo ndio uzee wenyewe? Dakika kumi na tano?"

Madam aliangalia sufuria zote mbili. Aligeuka kwa Mama. "Mama, una neno?"

"Mimi sina neno," Mama alisema. Akafuta mwiko kwa kitambaa.

Maharagwe yenyewe tulipewa tule. Nilikula sahani mbili, kwa sababu ukila hakuna anayekuuliza swali. Jioni kiungulia kilinikamata, moto kutoka tumboni hadi kooni, nikalala nimekaa. Mamangu aliuliza nimekula nini. Nikasema maharagwe. Akasema, "Maharagwe hayachomi hivyo," akanipa maziwa, akaenda zake.

Jumatatu Madam alitaka nakala safi. Mnajua nakala safi: unaandika upya, mwandiko mzuri, bila alama za mafuta. Mwisho wa ukurasa kulikuwa na swali aliloliweka yeye mwenyewe: Je, kuna kitu chochote kingine kilichoingia au kubadilika? Nilishika kalamu nikatazama dirishani. Ningeweza kuandika. Ni neno moja, herufi sita. Niliandika: Hakuna. Nikatia sahihi chini yake, sahihi yangu mpya yenye mkia mrefu niliyokuwa najizoeza kwa ajili ya siku nitakapokuwa maarufu. Ule mlima mdogo ulibaki kwenye daftari la kwanza, na daftari nikalisukuma chini kabisa ya begi.

Jumanne nilifanya mizaha mingi kuliko kawaida. Jumatano tulikuwa foleni, na dirisha lilikuwa bado limefungwa, kwa sababu maharagwe ya stoo yalikuwa yaleyale na magadi hayakuwepo. Nilichungulia kwenye ufa wa mabati. Mama alikuwa ameketi kwenye ndoo, sufuria inachemka nyuma yake. Alikuwa anaufunga ule mwiko wake ndani ya gunia, polepole, anazungusha kamba kama mtu anayemfunga mtoto nepi. Akafikiri, akaufungua tena, kwa sababu bado alikuwa anahitaji kutupikia.

"Unaona nini?" jirani yangu aliuliza.

"Moshi."

"Wanasema barua ni Ijumaa. Mama Bado anaenda." Akatabasamu, akangoja niongeze utamu, maana hiyo ndiyo kazi yangu. "Buda, sema kitu."

Nilirudisha jicho kwenye ufa. Akaniuliza kama naumwa.

Alhamisi wakati wa chai nilienda kwa Madam. Alikuwa anasahihisha madaftari kwenye kona ya ofisi ya walimu.

"Madam, nataka kusema kitu. Ile Jumamosi, nilitia magadi."

Hakuinua kichwa. "Na wiki iliyopita ulitia chura kwenye droo yangu ukasema ni mwanafunzi mpya. Rudi darasani."

"Madam, hii ni kweli."

"Hata mjomba wako rubani alikuwa wa kweli. Na ile siku bibi yako alikufa mara ya tatu."

Mwalimu wa meza ya jirani alicheka. Mimi pia karibu nicheke, kwa mazoea tu, mdomo ulikuwa umeshaanza. Nilisimama pale nikaelewa kwamba nimekuja na kitu kimoja cha kweli maishani mwangu na sina mahali pa kukiuza.

Nikarudi darasani, nikatoa lile daftari la kwanza chini ya begi. Lilikuwa limekunjamana na linanuka mandazi. Nikampelekea, nimefungua kwenye ukurasa wenyewe. Madam aliangalia mlima. Akaangalia saa iliyoandikwa kando yake. Kisha akavuta nakala yangu safi kutoka kwenye rundo, akaziweka pamoja, akasoma lile neno: Hakuna. Akasoma na sahihi.

"Magadi kiasi gani?"

"Pakiti moja. Yote."

"Sufuria gani?"

"Ile ya mazee."

Alivua miwani. Nilitarajia kofi la maneno, na ningelishukuru. Alisema tu, kwa sauti ya chini, ili wale wengine wasisikie, "Unajua kwamba mimi nilienda kwa yule mama nikamwambia sayansi imesema?"

Tulienda kwa Deputi pamoja. Yeye aliniangalia kutoka viatu hadi nywele. "Huyu ndiye shahidi?" alimuuliza Madam. "Huyu?"

"Huyu si shahidi," Madam alisema. "Turudie. Sufuria tatu. Mapya, mazee, na mazee yenye magadi. Kama anadanganya, tutaona. Kama hadanganyi, tutaona."

Barua ikangoja hadi Jumamosi.

Ilibidi magadi yatoke mahali, kwa hivyo ilibidi nimwambie mamangu. Alisikiliza akiwa anapanga sabuni kwenye rafu. Nilipomaliza alifunga pakiti mpya kwa gazeti, akaikaza vizuri. "Huyo mama ni rika langu," alisema. "Mpelekee. Na umwambie yametoka kwangu, si kwako."

Jumamosi ya pili walikuja watu wengi kuliko ya kwanza, kwa sababu habari ilikuwa imeenea. Niliwekwa kwenye kiti, hatua kadhaa kutoka mafigani, na saa mkononi. Nisiguse kitu. Jirani yangu alipewa kazi ya kuangalia sufuria, na msichana wa mbele akapewa kazi ya kumwangalia jirani. Mimi niliangaliwa na watu wote. Saa tatu na dakika tano, Mama mwenyewe, mbele ya Deputi, alifungua kile kipande cha gazeti akamimina magadi kwenye sufuria ya tatu. Povu likapanda. Hakuna aliyecheka.

Saa nne, mapya yaliiva. Saa nne na robo, mazee yenye magadi yakaiva, dakika ileile kama juma lililotangulia. Ikabaki sufuria ya katikati, ya mazee matupu. Saa nne na nusu msichana wa mbele alibonyeza maharagwe kumi, akaniletea hesabu, moja tu lililopasuka. Kazi ya mtunza saa ni kutangaza. Madam akauliza kwa sauti, "Mtunza saa, sufuria ya pili iko aje?"

Jibu lilikuwa moja tu.

"Bado," nilisema.

Kicheko kilipita nyuma, kidogo, kama upepo kwenye mahindi. Dakika kumi na tano zikapita.

"Mtunza saa?"

"Bado."

Mara ya tatu hawakucheka. Mara ya nne nilijaribu kusema "haijaiva", Madam akasema hakusikia. Deputi, saa tano ilipopita, alichukua harage moja yeye mwenyewe akalibana kwa kidole gumba. Likamtoroka, likagonga tai yake, likaanguka kwenye kiatu. Alilitazama pale chini muda mrefu. Siku nyingine hiyo peke yake ingenitosha kuishi wiki nzima. Nilisema bado mara nane, tangu saa nne na nusu, na kila nikisema nilikuwa namwona Mama amesimama mlangoni mwa jiko, mikono ndani ya sweta, anasikiliza neno lake likitoka kinywani mwangu. Yaliiva saa sita na nusu.

Deputi alisafisha koo. "Basi. Yataletwa mengine. Mama, endelea na kazi."

"Nilikuwa naendelea," Mama alisema, akaingia ndani.

Adhabu yangu ilikuwa wiki mbili za kuchambua maharagwe jikoni wakati wa mapumziko. Siku ya kwanza Mama alinipa ungo, akakaa kwenye ndoo yake, mimi kwenye mtungi uliopinduliwa. Tulitoa mawe na yale yaliyotobolewa. Nilimwambia nilichokuwa nimekifanyia mazoezi, kwamba nisamehe Mama, nilifanya mzaha, sikujua utafika huko. Aliendelea kutikisa ungo.

"Nilionja," alisema baadaye.

"Nini, Mama?"

"Ile siku. Nilionja nikajua ni magadi. Ulimi wangu si wa jana."

Mikono yangu ikasimama. "Sasa mbona hukusema?"

"Nikisema kuna magadi ndani ya sufuria, Deputi atauliza nani? Nani amekatazwa magadi hapa? Ni nyinyi?" Alitupa jiwe nje ya mlango. "Nilikuangalia. Nikasema, huyu ndiye, na atasema. Jumatatu ikapita. Jumanne ikapita. Nikaanza kufunga vitu."

Nikaokota harage lililotobolewa, nikaligeuza geuza. Mimi, ambaye nina jibu hata mwalimu akiwa hajauliza.

Tulichambua. Nje walikuwa wanacheza mpira. Kisha akauliza, kama anayeuliza habari za mvua, "Na hilo jina. Lilianza na nani?"

Hapo hapakuwa na daftari. Hapakuwa na mlima kwenye pambizo. Ningesema lilianza tu, kama majina yote, na angekubali. Niliangalia ungo.

"Ni mimi."

Alitikisa ungo mara mbili. "Limefika hadi Ainabkoi," alisema. "Nikienda nyumbani Jumapili, watoto wa boma wanakuja mbio, Mama Bado amekuja, Mama Bado amekuja. Wanafikiri ni jina la sifa."

"Nitawaambia wa hapa waache, Mama."

"Waambie," alisema, na akanisukumia rundo lingine.

Niliwaambia. Wa darasa letu waliona ni mzaha mpya, wakangoja mwisho wake wa kuchekesha, na ulipokosa kuja wakaniambia nimezeeka kama maharagwe. Maharagwe mapya yalifika. Chakula kikaanza kuwa tayari saa saba kasorobo, wakati mwingine hata kabla ya kengele. Nilifikiri jina litakufa lenyewe kwa kukosa kazi.

Jumatatu moja tulikuwa foleni. Dirisha lilikuwa wazi, mvuke unatoka, Mama amesimama na upawa mkononi. Mbele yangu alikuwa kijana mgeni wa fom wan, mdogo, sahani kubwa kuliko kifua chake. Akanyoosha sahani akasema kwa adabu kabisa, kama mtu anayesalimia, "Mama Bado, naomba na supu."

Nikamgusa bega. "Usimwite hivyo."

Akageuka akaniangalia, hakuelewa. Hakuwa na ubaya wowote usoni. Ndivyo alivyolikuta jina siku alipofika shule.

"Kwani anaitwa nani?" aliuliza.

Nilifungua mdomo. Wiki mbili nilikuwa nimekaa na Mama kwenye ungo mmoja. Nilijua kwao ni wapi, nilijua mwiko wake, nilijua ulimi wake. Jina sikuwa nimeuliza. Foleni nzima nyuma yangu ilisogea karibu, wakidhani sasa nitasema kitu cha kuchekesha. Mama naye aliinamisha kichwa kidogo dirishani, upawa umejaa, akisubiri kusikia.